Jiwe la Rumuruti

Mgeni aliyebeba jiwe simwulizi neno mpaka amalize chai. Nimejifunza hivyo tangu nistaafu nikarudi Nyahururu, maana mtu akishajiaminisha kwamba kilichomo mkobani mwake ni kimondo, huwa hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Afadhali apoe kwanza. Kijana yule wa bodaboda alikunywa vikombe viwili, akafuta midomo, akafungua begi la mgongoni. Ndani mlikuwa na leso, na ndani ya leso jiwe la ukubwa wa kiazi, upande mmoja jeusi tititi kama lililopakwa lami, na upande mwingine, pale lilipomeguka, la kijivu kizito.

"Mzee, hili limeshuka kutoka juu," akasema.

Alikuwa ameliokota upande wa Rumuruti, kando ya shamba lililolimwa majuzi. Mtu fulani mjini alikuwa amekwisha kumtia tamaa ya milioni moja.

Nina sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa, nimeifunga uzi, na hiyo ndiyo hakimu wangu wa kwanza. Unauacha uzi uning'inie, kisha unalisogeza jiwe taratibu. Vimondo vingi vya mawe vina chembe za chuma halisi ndani yake, chuma chenye nikeli, na sumaku huvirukia kama kuku aliyemwagiwa mtama. Nimeletewa mavi ya chuma, nimeletewa tufe za kinu cha saruji, nimeletewa mawe ya mto yaliyolambwa na maji mpaka yakawa na sura ya ajabu. Mengi huyarudisha siku hiyo hiyo, na baadhi ya wenyewe huondoka wakiamini kwamba nimewaonea kijicho.

Safari hii sumaku ilisogea kidogo, ikasita, ikarudi mahali pake. Lingekuwa jiwe la kutoka kwingine kokote ningempa kijana pole na kumsindikiza hadi langoni. Lakini lilitoka Rumuruti. Nikamwomba animegee kipande kama ncha ya kidole gumba, aende na lililobaki, arudi baada ya wiki.

Katika jedwali ambalo wataalamu wa dunia nzima hutumia kupanga vimondo kuna herufi R, na herufi hiyo imetoka katika mji huu wenye vumbi ulio njiani kati ya Nyahururu na Maralal. Wapo wanaosimulia kwamba jina la mji lenyewe ni Kiingereza kilichovunjika, eti wazungu walikuwa wakiiita njia hii ya mbali, "remote route". Hadithi hiyo imekaa vizuri mno hata siiamini. La herufi, hata hivyo, ni la kweli. Na jiwe lililouletea mji heshima hiyo karibu halina chuma halisi ndani yake. Hakimu wangu wa uzi angelitupa.

Lilianguka usiku wa Jumapili, tarehe 28 Januari 1934, saa nne na dakika arobaini na tatu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili kupevuka. Halikuwa jiwe moja. Ilikuwa mvua ya mawe kwelikweli, si ile ya barafu inayotuharibia mahindi. Kilichookolewa kikahifadhiwa ni gramu 67, uzito wa yai la kuku aliyeshiba.

Laikipia ya mwaka huo ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kwenda kusini kati ya 1911 na 1913, baada ya mkataba wa 1904 uliowaahidi kwamba Laikipia ingebaki yao. Mwaka ule ule wa 1934 ndipo Tume ya Carter ilipotoa ripoti yake juu ya nani akae wapi Kenya. Nyanya yangu alikuwa msichana mkubwa wakati huo, akiishi na wazazi wake katika kambi ya vibarua kwenye shamba la mzungu. Nilimwuliza juu ya usiku ule akiwa mkongwe kabisa. Alikumbuka nzige. Alikumbuka ukame uliowafuata nzige. Alikumbuka kipande cha baba yake, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati ili askari ajue ni wa nani na anamfanyia kazi nani. Kimondo? "Nyota huanguka kila siku," akasema, akageukia maharagwe yake.

Neno hilo, kipande, limenikaa. Mimi nimeishi kwa vipande. Nilifanya kazi Nairobi miaka zaidi ya thelathini katika maabara ya jiolojia, na kazi yangu ilikuwa kuyakata mawe mpaka yapitishe mwanga. Mwanafunzi au profesa alinipa jiwe. Mimi nilimrudishia kioo chenye utando wa jiwe juu yake. Waliandika wao, jina langu halikuwamo, na sikuwa na kinyongo. Fundi seremala hasaini kitanda.

Basi nilikiweka kile kimego cha kijana kwenye msumeno wangu. Ni msumeno mdogo wa diski yenye vumbi la almasi, nilioununua mkononi mwa mtu, na ukiwashwa mbwa wa jirani huanza kulia. Mawe ya kawaida nayakata kwa maji. Hili nililikata kwa mafuta, kwa heshima ya tumaini, kwa sababu chuma cha kimondo kikiguswa na maji hushika kutu hata kabla hujalifuta jiwe. Uso mmoja ukishakatwa unasawazishwa, unagandishwa kwa gundi ya epoksi kwenye kipande cha kioo, unaachwa usiku kucha. Kesho yake unakata tena, karibu na kioo, libaki bapa jembamba. Halafu ndiyo kusaga. Unga wa kaborandamu na tone la mafuta juu ya bamba la kioo, mkono unazunguka kwa nambari nane, unga wa chembe kubwa kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka jiwe libaki na unene wa milimita 0.03. Hiyo ni chini ya nusu ya unywele. Kipande cha kwanza nilichosaga maishani nilikisaga kwa bidii ya mgeni. Fundi aliyekuwa akinifunza akakiinua dirishani kutazama, akaona dirisha. "Umelinywa jiwe la watu," akaniambia.

Mkono ukizunguka, kichwa nacho kina nafasi. Nilikuwa nikiwaza Berlin.

Maana gramu zile 67 ziko huko, katika Museum für Naturkunde, jumba la makumbusho lililofunguliwa 1889. Ukiingia ukumbini unakutana na mifupa ya dinosau mrefu kuliko nyumba, aliyechimbuliwa Tendaguru, kusini mwa Tanzania, kati ya 1909 na 1913, na kubebwa vichwani na mabegani mwa watu mpaka bandari ya Lindi. Wageni wote humtazama yeye. Katika jengo hilo hilo, ndani ya mkusanyo wa vimondo, kuna mtu wa nyumbani mwingine asiyetazamwa na mtu.

Hakuna mahali ambapo jiwe lisilojulikana kabila lake lingekuwa na bahati zaidi, ukifikiri. Ernst Chladni, aliyeandika kitabu mwaka 1794 akidai mawe haya yanatoka nje ya dunia wakati wasomi wenzake walikuwa wakicheka, aliuachia mji huo mkusanyo wake wa vimondo alipofariki 1827. Na Gustav Rose, aliyekuwa mtunza madini huko, ndiye aliyelipa kundi kubwa la vimondo vya mawe jina la kondriti katika miaka ya 1860, kutokana na neno la Kigiriki la punje, kwa sababu ndani yake mna vijitufe vidogo kama mtama au ulezi. Vijitufe hivyo vilikuwa matone ya mawe yaliyoyeyuka yakielea, kabla ya dunia kuwapo. Kwa hiyo jiwe la Rumuruti lilipelekwa katika nyumba ambamo jina la ukoo wake lilizaliwa. Likakaa. Vita vikaja, tarehe 3 Februari 1945 bomu likaliangusha bawa la mashariki la jengo. Vita vikaisha, mji ukagawanywa, jengo likaangukia upande wa mashariki. Jiwe likakaa. Lilikuwa na jina la mji na tarehe ya kuanguka. Kabila halikuwa nalo.

Kijana wa bodaboda angeuliza, na haki yake, kwa nini hawakulitazama tu. Wazungu wana hadubini, sivyo?

Hadubini zilikuwapo. Kilichokosekana ni maswali. Historia ya kuyatambua mawe haya ni historia ya watu walioongeza swali moja moja, kila swali likingoja chombo chake. Mwaka 1802 huko London mwanakemia Edward Howard alichukua mawe yaliyosemekana kuanguka Benares, Siena, Bohemia na Yorkshire. Bournon, mkimbizi kutoka Ufaransa, akakaa na kuyachambua moja moja kwa mkono: chuma huku, vijitufe huku, madini ya salfa huku, udongo unaoshikilia vyote huku. Howard akakuta nikeli katika chuma cha yote manne. Mawe ya nchi nne, yana damu moja. Hilo lilikuwa swali la kwanza lililojibiwa kwa vipimo badala ya kelele. Halafu akaja Henry Sorby wa Sheffield, babu wa kazi yangu, aliyewafundisha watu kusaga mawe mpaka yapitishe mwanga, kisha akavisaga na vimondo. Kabla yake jiwe lilikuwa na uso tu. Yeye alilipa tumbo.

Wa tatu nimheshimuye ni George Prior wa makumbusho ya London, mwaka 1916. Aliona kwamba vimondo vya mawe vina desturi: kadiri chuma halisi kinavyopungua ndani ya jiwe, ndivyo hicho kidogo kilichobaki kinavyokuwa na nikeli nyingi, na ndivyo madini mengine yanavyojaa chuma kilichoungana na oksijeni. Kwa maneno ya jikoni, chuma hakikupotea. Kilishika kutu kule kule angani, kikajificha ndani ya mawe.

Mahali pake pa kujificha panaitwa olivini. Hayo ndiyo madini makuu ya kondriti, ya kijani kibichi cha zaituni, na ndiyo yanayoeleza karibu kila kitu, kwa hiyo niyasimamie kidogo. Chukulia kila chembe ya olivini kuwa matatu. Fremu yake ni silikoni na oksijeni, haibadiliki. Viti vyake hukaliwa na magnesi au chuma, yeyote atakayewahi. Ukihesabu, katika viti mia, vingapi vimekaliwa na chuma, umepata nambari ambayo ni kitambulisho cha kimondo. Kundi la H, lenye chuma halisi kingi, lina viti vya chuma kati ya 16 na 20. Kundi la L, kati ya 22 na 26. Kundi la LL, kati ya 26 na 32. Herufi hizo hazikuwapo mwaka jiwe letu lilipoanguka. Harold Urey na Harmon Craig waligawanya H na L mwaka 1953 baada ya kupitia vipimo vya kemia vya miaka mingi na kuvitupa vile vilivyofanywa ovyo. Brian Mason akaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba unaweza kuisoma nambari ya olivini kwa haraka kwa eksirei. Mwaka 1964 Klaus Keil na Kurt Fredriksson wakatumia mashine inayopiga chembe moja kwa mshale wa elektroni na kuisoma kemia yake papo hapo, nao wakaliweka LL mahali pake. Mwaka 1967 Van Schmus na Wood wakaongeza tarakimu: 3 kwa jiwe ambalo vijitufe vyake bado ni safi na kila olivini ina nambari yake, kupanda hadi 6 kwa lile lililopikwa hadi vijitufe vikafifia na nambari zikalingana, na chini ya 3 kuna 2 na 1, kwa mawe yaliyorowa.

Bado swali la mwisho, ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote. Oksijeni ina aina tatu za uzito, 16, 17 na 18. Mnamo 1973 Robert Clayton na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba uwiano wa aina hizo tatu hutofautiana kati ya ukoo mmoja wa vimondo na mwingine, na kwamba hata ukilichemsha jiwe, ukilirowesha au ukalioza, alama ya ukoo inabaki. Kama lafudhi. Mtu atahama kijiji, atabadili nguo, atajifunza lugha nyingine. Akishtuka usiku, utajua alikozaliwa.

Sasa weka jiwe la Rumuruti mbele ya maswali hayo yote, yakiwa yamekamilika. Ndivyo walivyofanya Schulze, Bischoff, Palme na wenzao, wakachapisha matokeo mwaka 1994. Miaka sitini kamili.

Asilimia 70 hivi ya jiwe ilikuwa olivini. Viti vya chuma: 39 katika mia. Hakuna kundi la kawaida linalofika huko. Hata LL imeachwa nyuma. Feldispa karibu asilimia 14, na nyingi ni plajioklasi. Piroksini yenye kalisi, asilimia 5. Kisha madini mawili ya salfa na chuma, pirotiti asilimia 4.4 na pentlanditi asilimia 3.6, hii ya pili ikiwa imebeba nikeli. Chuma halisi, kile ambacho sumaku ya spika inakitafuta, kilikuwa alama tu. Ilikuwa kanuni ya Prior imesukumwa mpaka ukutani: karibu chuma chote kimeolewa na oksijeni au salfa. Katikati ya hayo mlikuwa na vichembe vyenye platinamu, iridi na dhahabu, vidogo kiasi cha kutonunua hata pipi, na nawaomba wasomaji wa Rumuruti wasianze kuchimba kwa ajili hiyo.

Jiwe lenyewe lilikuwa la viraka, vyeupe na vyeusi. Viraka vingine vilikuwa vimepikwa hadi 6, vingine bado ni vibichi vya 3, vyote vimebanwa pamoja. Maana yake ni kwamba huko lilikotoka, katika uso wa asteroidi fulani, vishindo vya karne zisizohesabika viliyavunja mawe ya kina kirefu na ya kina kifupi yakachanganyika kama kokoto za barabara, yakashikana upya.

Kisha oksijeni. Lafudhi yake haikuwa ya H, wala L, wala LL. Aina ya 17 ilizidi mno, zaidi ya maradufu ya LL. Basi haikuwezekana kusema hili ni jiwe la kawaida lililoshika kutu zaidi ya wenzake. Lilikuwa mtoto wa nyumba nyingine.

Wala halikuwa peke yake, na hapa ndipo herufi ilipozaliwa. Mwaka 1977 kule Carlisle Lakes, Australia, lilikuwa limepatikana jiwe lenye tabia hizo hizo, na mengine machache yakaokotwa katika barafu ya Antaktika na jangwa la Sahara. Wataalamu walikuwa wameanza kuyaita ya aina ya Carlisle Lakes. Kwa kawaida wa kwanza kupatikana ndiye anayeipa aina jina. Lakini yale yote yalikuwa mawe ya kuokotwa. Yamelala jangwani au barafuni, yamenyeshewa, yamepigwa na upepo, na katika mawe ambayo swali lake kubwa ni kutu, unawezaje kujua kutu gani ni ya angani na gani ni ya kwetu? Jiwe la Rumuruti lilionekana likianguka. Lilikuwa bichi. Kemia yake ilikuwa ile ile liliyokuja nayo. Schulze na wenzake walipendekeza kundi lote liitwe R, na neno rumurutiti likaingia vitabuni. Australia ilitangulia kwa kuandikwa. Laikipia ikashinda kwa sababu mtu au watu fulani, Januari ile ya ukame, waliona, wakaenda, wakainama, wakaokota. Hapo ndipo ninapomfikiria nyanya na maharagwe yake, na vibarua wenzake wenye vijaluba shingoni. Jiwe lilipata kabila na herufi. Aliyeinama hakuandikwa.

Tangu hapo kundi limeongezeka, sasa ni zaidi ya mia moja, mengi kutoka Sahara na Antaktika. Moja, lililookotwa Antaktika mwaka 2004, lilikutwa na amfiboli na maika, madini yasiyoweza kuumbika bila maji. Kwa hiyo huko kwao kulikuwa na maji, na maji ya moto.

Niliposema herufi R imetoka huku kwetu, sikusema Afrika Mashariki ina hiyo moja tu. Miaka minne na miezi kumi na moja hivi baada ya Rumuruti, tarehe 16 Desemba 1938, jiwe jingine lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanganyika. Wavuna chumvi walikuwa wakichemsha udongo wa Ivuna karne nyingi kabla ya hapo, na magae ya vyungu vyao yamejaa ardhini. Jiwe lenyewe lilikuwa la gramu kama 705, jeusi, laini kiasi cha kuchorwa kwa kucha, halina kijitufe hata kimoja, ingawa kwenye jedwali linaitwa kondriti. Ndani yake mna udongo wa mfinyanzi uliorowa, magnetiti, kaboneti, na mishipa ya chumvi za salfa. Ukiondoa gesi na vitu vichache, kemia yake inalingana na ya jua. I ya kundi la CI ni Ivuna. Mwaka 1961 wanasayansi Claus na Nagy walidai wameona mabaki ya viumbe ndani yake na ndani ya mwenzake wa Orgueil, Ufaransa. Kukawa na mzozo mkubwa, na vingine kati ya vile viumbe vikaja kuonekana ni chavua ya mimea ya hapa hapa duniani. Na Desemba 2020, chombo cha Wajapani kiliporudi na gramu 5.4 za udongo kutoka asteroidi ya Ryugu, wataalamu waliulinganisha na jiwe la wavuna chumvi. Ukafanana nalo. Watanzania wana kimondo cha Mbozi, mnyama wa chuma wa tani nyingi ambaye wanafunzi hupigwa picha wamempanda. Mimi ningewapeleka Ivuna, ingawa hakuna cha kupanda.

Siku ya tano kipande kilikuwa tayari. Nilikiosha, nikakifuta, nikakiweka chini ya hadubini yangu yenye vichujio viwili vya mwanga. Vichujio vikipishana, kila madini huvaa rangi yake. Olivini huwaka: waridi, buluu, kijani, kama vitenge vimeanikwa. Plajioklasi huwa na mistari ya kijivu na nyeusi, kama punda milia. Niliinamisha kichwa nikiwa nimejishika roho, nasema kweli, mzee wa umri wangu.

Hakukuwa na vitenge. Kulikuwa na kijivu. Vipande virefu vya feldispa vimelala upande mmoja kama majani yaliyopitiwa na maji, na kati yao visanduku vidogo vya nefelini, kijivu hafifu, vingine umbo la pembe sita kamili. Chembe nyeusi za magnetiti huku na huku, kiasi cha kuifanya sumaku isite.

Lilikuwa fonoliti. Lava. Wanajiolojia wanaijua vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya uwanda wa Laikipia imelala juu yake: ilimwagika zaidi ya miaka milioni kumi iliyopita, ikatanda, ikapoa. Na katika ramani zao ina jina. Wanaiita fonoliti ya Rumuruti.

Kijana alikuja siku ya saba, jiwe ndani ya leso. Nilimpa chai. Nikamwuliza palipolimwa palikuwa na nini zamani. Akafikiri, akasema palikuwa na boma, watu walihama yeye akiwa mdogo. Nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, nikasugua upande ule mweusi, kitambaa kikatoka na masizi. Kimondo kina ganda jembamba jeusi la kuyeyuka, halitoki kwa kitambaa. Hili lilikuwa figa.

Alinyamaza sana. Halafu akauliza, "Kwa hiyo si la Rumuruti?"

Nikamwambia ni la Rumuruti kabisa, kuliko lile lililoko Ulaya. Nikalifunga kwa uzi wa sumaku, nikaliinua, nikaligonga kwa kijiko cha chai. Fonoliti ikigongwa hulia kama kengele. Ndiyo maana ya jina lake. Mbwa wa jirani akaitikia. Kijana akacheka kidogo, akaniomba kijiko, akaligonga mwenyewe mara mbili, tatu, akasikiliza, kisha akalifunga tena katika leso na kuliweka begini taratibu, kama alivyokuja nalo.

Kile kioo nimebaki nacho. Nimekiandika pembeni kwa wino mweupe: Rumuruti, na jina lake yeye aliyeokota.